Kisu cha Senga

Wiki ya Krismasi Kampala hupungukiwa watu. Waliokuwa na kijiji cha kwenda wamekwenda, na Bugolobi, ambako siku nyingine boda hazikupi nafasi ya kuvuka barabara, unamsikia hata jirani akitwanga karanga. Shangazi yetu, Senga kama tulivyomwita, hakuwa mtu wa safari. Alikaa fleti ya chini, na kijiji ndicho kilichomfuata: mafungu ya majani ya mgomba kutoka soko la Nakawa, matoke mabichi, kuku waliofungwa miguu wakilalamika kwenye kibaraza.

Kadi za zamani za Krismasi alizitia kwenye kopo la biskuti, na sikumbuki aliyewahi kulifungua. Krismasi yetu ilikuwa luwombo.

Kwa asiyeijua, luwombo ni mchuzi uliofungwa ndani ya jani la mgomba ukaivishwa kwa mvuke: kuku, nyama ya ng'ombe, uyoga au samaki mkavu, mara nyingi kwa karanga. Waganda husimulia kwamba ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, na sifa humpa mpishi wake. Ni chakula cha kumheshimu mgeni, na kila mtu huwekewa yake.

Kuku na karanga mtu hujifunza kwa siku moja. Kazi iko kwenye jani.

Senga aliliinua moja moja dirishani, akalitazama kwenye mwanga. "Tundu la sindano, mchuzi utalipata tu," alisema, na lenye kasoro likaenda kufunika matoke. Lililopita alilipitisha juu ya sigiri, mkono hautulii mahali pamoja. Kijani kikakolea, jani likang'aa kama lililopakwa mafuta, likawa laini kama kitambaa, na nyumba nzima ikanukia shamba.

Kisha kisu. Kilikuwa kidogo, kimenolewa miaka mingi hata upana wake haukuzidi kidole cha mtoto. Alililaza jani kifudifudi mapajani, akaanza kuuparura uti kutoka shinani kwenda nchani. Ukipunguza kidogo mno, uti unavunjika jani likikunjwa. Ukizidisha, jani linapasuka katikati na umerudi sokoni. Kwake ule uti ulitoka utepe mmoja mrefu, nasi watoto tuliugombania. Sikuwahi kumwona akitazama anachokata. Alikuwa anaongea na wageni.

Jani lilitandikwa ndani ya bakuli ili lishike umbo. Akatia kuku aliyekwisha kubanikwa juu ya makaa, akamwagia karanga zilizokorogwa na nyanya, kitunguu na chumvi. Binzari hakutaka kuisikia. Akakusanya kingo zote kama shingo ya mfuko, akazungusha kamba ya mgomba iliyolowekwa maji, ncha moja akaing'ata kwa meno, akavuta. Fundo hilo halikuachia maji yakichemka kwa saa nne, ila mezani ulivuta ncha mara moja tu likafunguka.

Luwombo zilisimamishwa wima kwenye sufuria, juu ya vikonyo vya majani ili zisiguse maji, zikafunikwa kwa majani mengine. Sisi tukaenda misa Mbuya. Mmoja alibaki kuongeza maji na makaa. Tuliporudi, harufu ilitupokea ngazini.

Siku hizi wapo wanaofunga kwa foili. Haivuji, nakubali. Lakini foili haina harufu ya kumpa kuku, na luwombo isiyonukia jani ni mchuzi wa kawaida uliovishwa koti.

Senga alipofariki, ndugu waligawana viti na vyombo. Mimi niliomba kisu. Krismasi iliyopita nilifunga saba kwa mkono wangu. Mbili zilivuja.