Fimbo ya Mbali: Georgi Markov na Vitisho vya Ughaibuni

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama ndivyo, kwa nini serikali ya Bulgaria ilimwogopa mtu mmoja aliyekaa London akiandika makala za redio? Katika uhakiki huu mfupi tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kumwangalia Georgi Markov na kazi yake ambayo, kwa tafsiri yetu, tutaiita Taarifa za Asiyekuwapo.

Markov (1929–1978) alikuwa mwandishi wa riwaya na tamthilia, tena aliyekaribishwa na wakubwa wa nchi yake. Mwaka 1969 akaondoka, akafikia Italia, kisha London, akafanya kazi katika Idhaa ya Kibulgaria ya BBC. Mwaka 1972 mahakama ya kwao ikamhukumu kifungo cha miaka sita na nusu bila yeye kuwapo. Kuanzia 1975 taarifa zake zikatangazwa na Radio Free Europe. Tarehe 7 Septemba 1978, karibu na daraja la Waterloo, alihisi kuchomwa pajani. Mtu mmoja akaokota mwavuli, akaenda zake. Siku nne baadaye Markov akafa. Mwilini mwake kilikutwa kidonge cha chuma kidogo mno, kinachoaminika kubeba sumu ya risini. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Sasa, tatizo la wasomaji wengi linaanzia hapa hapa. Mwavuli umewafunika, kazi yenyewe hawaioni. Hata tafsiri ya Kiingereza ya 1983 ilipewa jina The Truth That Killed, yaani msomaji anakutana na maiti kabla hajafungua ukurasa wa kwanza! Jina la asili lina kejeli nzito zaidi: aliyehukumiwa bila kuwapo anatoa ushahidi wake naye akiwa hayupo. Kejeli hiyo imepotea njiani.

Tukija kwenye maudhui, anayetafuta siri za jeshi atatoka mikono mitupu. Markov anaeleza maisha ya kawaida: upendeleo waliopewa waandishi, woga wao, na matembezi ya mlimani pamoja na Todor Zhivkov, aliyetawala hadi 1989. Eti haya ndiyo ya kumuulia mtu? Kwa maoni yangu, ndiyo haya hasa. Siri hukanushwa gazetini asubuhi yake. Jambo ambalo kila msikilizaji amelishuhudia kazini kwake halikanushiki.

Kifani, silaha yake kubwa ni lugha. Aliandika Kibulgaria, kwa masikio ya nyumbani, ingawa mawimbi ya redio hiyo yalivurugwa kwa makusudi. Hapa tumkumbuke Ngũgĩ wa Thiong'o: mwaka 1977 Petals of Blood ilitoka kwa Kiingereza naye akabaki huru, tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wanakijiji wa Kamirithu ndiyo iliyotangulia kutiwa kwake kizuizini. Watawala hupima kitabu kwa watu kinaowafikia.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba mwandishi wa ughaibuni ana ujasiri wa bei rahisi, anarusha mawe akiwa nyuma ya ukuta. Ukuta gani, jamani? Agosti 1978 Mbulgaria mwingine aliyekimbia, mwanahabari Vladimir Kostov, alishambuliwa Paris kwa kidonge cha namna hiyo hiyo, akapona. Aliye mbali hupoteza nyumba yake, na usalama wenyewe haupati.

Kwa hiyo tusikubali kwamba kifo ndicho kilichoipa kazi hii thamani. Kitisho hushinda mara ya kwanza mwandishi anaponyamaza, na Markov hakunyamaza. Hushinda mara ya pili sisi tunapokijua kifo chake kwa saa na mahali, lakini hatuwezi kutaja hata taarifa yake moja. Ushindi huo wa pili unatutegemea sisi wasomaji. Anayetaka kumhakiki Markov basi aanzie kwenye taarifa zenyewe.