ROCKET AF: tusome mpaka ukurasa wa mwisho

Kuna tafiti zenye kila mtu anataja, lakini wachache tu njo wamezisoma mpaka mwisho. ROCKET AF ni moja yao. Ilitoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine: wagonjwa zaidi ya 14,000, katika inchi 45. Wote walikuwa na moyo wenye kupiga ovyo, ile fibrilasio. Katika moyo wa namna hiyo damu inatuama ku chumba cha juu cha kushoto, inaganda, kisha donge linapanda ku bongo. Njo kiharusi, ile tunaita AVC.

Nusu walipewa rivaroxaban, nusu warfarin. Jibu: katika kuzuia kiharusi, rivaroxaban haikushindwa na warfarin, tena ilipunguza kuvuja kwa damu ndani ya kichwa. Wengi wanaishia hapo, wanafunga kitabu.

Lakini utafiti ulipoisha, wengi waliokuwa wanakunywa rivaroxaban walihamishwa kwa dawa za aina ya warfarin. Katika mwezi uliofuata, kiharusi au donge la kuziba mshipa kwingine lilipata watu 22 upande wao, na 7 tu upande wa wale wa warfarin.

Juu ya nini? Rivaroxaban inatoka mwilini kwa siku moja ao mbili. Warfarin haishike haraka: inazuia ini kutengeneza vitu vya kugandisha damu, lakini vile vilivyokwisha kutengenezwa vinabaki. Inaomba siku tano hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka kipimo cha INR kifike kati ya 2 na 3. Waliotoka ku warfarin walikuwa tayari ndani yake. Hawa wengine walianza na sifuri, bila kupewa dawa mbili pamoja kwa siku za kungojea. Hapo katikati mgonjwa alibaki bila kinga.

Kuna wenye kusema damu "inalipiza kisasi" ukiacha rivaroxaban. Uchambuzi wa 2013 juu ya wagonjwa walewale hauungi mkono neno hilo. Kwa waliosimamisha dawa kwa muda, na kwa walioacha kabisa mbele ya mwisho, hatari ilikaribiana katika makundi yote mawili. Ingekuwa kisasi cha dawa moja, tungekiona na pale.

Lawama yangu ni hii: watafiti walipanga vizuri sana namna mgonjwa ataingia, lakini namna atatoka hawakuipanga kwa uangalifu uleule.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipoikubali dawa hii kwa fibrilasio mwezi wa 11 mwaka 2011, iliweka onyo kwamba kuiacha kunaongeza hatari ya damu kuganda. Onyo ni la haki, na linamwomba munganga afikirie dawa nyingine ya kushika nafasi. Lakini vile tunalirudilia mdomoni, ile sehemu ya pili inapotea, tunabakia na "mgonjwa mukaidi ameacha dawa". Wale 22 hatuwezi kuwaita wakaidi, kwani kwao utafiti wenyewe njo ulifika mwisho. Pengo lilikuwa ndani ya maagizo.

Kwetu pengo hilo linakuja kwa njia zingine: dawa imeisha ku farmasi, franga imekosa, ao munganga wa meno anasema "simamisha kwanza", kisha hakuna mwenye kusema siku gani ya kurudilia.

Basi wewe mwenye kusomea udaktari, ukiandika dawa hizi, andika pia nani ataamua kusimamisha, dawa gani itafuata, na INR itapimwa siku gani. Na wewe mwenye kuzikunywa, ao mwenye mzazi anayezikunywa, usiache chochote kwa sababu ya maandishi haya. Uliza munganga wako: "Siku nikisimamisha, nini kitanikinga?" Asipokuwa na jibu, usiondoke ku kiti.