MAWE MAWILI MFUKONI: Sheria ya Kokeini ya 1986 Mbele ya Torati

Torati inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na moja jepesi (Kum. 25:13-16). Kwa kawaida fungu hili tunawahubiria wenye maduka. Katika makala haya napenda kulielekeza kwa watunga sheria, maana Marekani ilipata kuwa na sheria iliyotenda jambo hilo hilo, tena kwa hesabu ya gramu.

Tarehe 19 Juni 1986 Len Bias, mchezaji hodari wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, alifariki kwa kokeini, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na timu ya Boston Celtics. Taifa lilishtuka. Uchaguzi wa Bunge ulikuwa mwezi Novemba, na wanasiasa wa vyama vyote viwili wakashindana kwa ukali. Tarehe 27 Oktoba Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria mpya. Muuzaji wa kokeini ya vipande, iitwayo kraki, alifungwa miaka isiyopungua 5 kwa gramu 5 tu. Muuzaji wa kokeini ya unga hakuifikia adhabu hiyo mpaka awe na gramu 500.

Lakini kraki ni kokeini ile ile, iliyopikwa kwa maji na magadi. Iliuzwa kwa vipande vya bei nafuu katika mitaa ya maskini. Katika miaka ya 1990, zaidi ya 8 kati ya kila watu 10 waliohukumiwa kwa kraki katika mahakama za serikali kuu walikuwa Wamarekani Weusi. Jiwe zito liliwaangukia hao.

Je, twapinga serikali kuadhibu? La hasha. Warumi 13 na kifungu cha 16 cha Ungamo la Augsburg vyatufundisha kuiheshimu mamlaka, na mama aliyemzika mwanawe anastahili kulindwa. Lakini upanga umekabidhiwa serikali kwa ajili ya usalama wa jirani, wala si kwa ajili ya kumpatia mgombea kura.

Yamkini mtu atasema kwamba mwaka 1986 watu walitenda kwa haraka ya msiba. Udhuru huo haupo mwaka 1995. Mwaka huo tume ya serikali yenyewe inayoshughulikia viwango vya adhabu ilipendekeza vipimo visawazishwe. Bunge likakataa, na Rais Bill Clinton akaukubali uamuzi huo kwa sahihi yake. Hapo kosa lilikuwa limekwisha kujulikana.

Mwaka 2010 tofauti ya 100 kwa 1 ilipunguzwa kuwa 18 kwa 1. Kwa nini 18? Hayakuwa matokeo ya maabara, bali mapatano ya wanasiasa. Aidha, sheria hiyo yenyewe haikuwahusu waliokwisha kuhukumiwa mpaka sheria nyingine ilipopitishwa Desemba 2018. Kwa miaka 8 watu walikaa gerezani chini ya kipimo ambacho taifa lilikwisha kukiri kuwa si cha haki. Zakayo hakutubu hivyo. Yeye aliwarudishia aliowadhulumu, tena mara nne (Lk. 19:8). Kulichonga jiwe la udanganyifu lipungue si kulitupa.

Ndugu wachungaji na wanafunzi, jambo hili si la ng'ambo tu. Nasi twawazika vijana walioharibiwa na heroini. Nasi humkaribisha mwanasiasa awasalimu waumini, naye aahidipo kifungo kirefu zaidi, usharika hupiga makofi. Kabla hatujaitikia Amina, hatuna budi kuuliza: je, jiwe hili litampima mtoto wa tajiri sawasawa na mtoto wa mpiga debe? Tusipouliza sisi tuliokabidhiwa Sheria na Injili, aliyeko gerezani atasemewa na nani?