Pilumu ihukumiwe kwa ncha na kiungo

Mtu akioneshwa pilumu mpya, ule mkuki mzito wa kurusha wa askari wa Roma, huuliza kwanza kama inapinda. Swali hilo limewaharibia kazi mafundi wengi. Wanatafuta chuma laini kupita kiasi, wanafua kitu kinachojikunja kikianguka tu, na mnunuzi anaondoka ameridhika.

Mimi huanza na ncha. Ncha ya pilumu ni piramidi ndogo, na sehemu yake pana lazima iwe nene kuliko uti wa chuma unaoifuata. Ikipiga ngao inatoboa tundu linalouzidi uti, na uti huo wa sentimita 60 au zaidi unateleza ndani bila kukwama mpaka umfikie aliyejikinga nyuma. Basi chukua kipimo, pima ncha, kisha pima uti chini yake. Vikilingana, ulichonacho ni nondo iliyochongwa. Marcus Junkelmann, mwanahistoria wa Ujerumani aliyezirusha mwenyewe, alitoboa ubao wa msonobari wa milimita 30 kutoka mita 5. Kazi hiyo haifanywi na chuma kinachonywea.

Na kupinda kupo, lakini kuna zamu yake. Julius Caesar, akieleza vita vyake na kabila la Wahelveti mwaka 58 KK, anasema pigo moja lilizishona pamoja ngao kadhaa, chuma kikapinda kikawa hakichomoki, na wengi wakaona heri watupe ngao wapigane bila kinga. Ilitoboa kwanza, ndipo ikapinda.

Baada ya ncha, nenda kwenye kiungo cha chuma na mbao, maana hapo ndipo fundi hajifichi. Pilumu zilizofukuliwa Oberaden, Ujerumani, kwenye kambi ya zama za kaizari Augustus, zilikutwa na mabaki ya mbao, na ndizo mwalimu bora tuliye naye. Ulimi bapa wa chuma umeingizwa katika mpasuo wa mbao iliyoachwa nene hapo juu, ukafungwa kwa ribiti zilizopita upande hadi upande. Itazame kazi ya leo kwa karibu. Ribiti zigongwe vichwa pande zote mbili. Nikiona bolti na nati siendelei. Nyuzi za mbao ziwe ndefu na zimenyooka. Kisha shika mpini, tikisa kwa nguvu, usikilize: hata mlio mdogo wa kugongana ni kasoro. Polybius, Mgiriki wa karne ya pili KK, aliandika kwamba kiungo kilifungwa imara kiasi kwamba chuma kingevunjika kabla hakijalegea.

Hata hivyo Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasimulia kuwa Marius, jemadari wa Roma, akijiandaa kupigana na kabila la Wakimbri, aliamuru ribiti moja kati ya mbili za chuma iwe kijiti cha mbao, kivunjike mkuki ukipiga, mpini uburuzwe chini. Fundi anayefuata njia hiyo namheshimu, mradi aseme wazi, na kijiti kivunjike kweli.

Tufe la uzito linalowekwa chini ya kiungo katika baadhi ya pilumu hunitia shaka zaidi. Mchongo wa Cancelleria wa Roma, wa zama za baada ya Caesar, unaonesha askari wenye pilumu za namna hiyo, lakini jiwe halisemi tufe lilikuwa la risasi, shaba au mbao. Kwa hiyo pilumu ya zama za Caesar ikiletwa na tufe zito la risasi, naomba tufe ling'olewe kabla sijaipima pilumu.