Sifa Bila Tendo: Tunavyoandika Kuhusu Watu wa Kawaida

Utangulizi

Miongoni mwa mada zinazopendwa sana katika darasa la Kiswahili ni ile ya kumwandika mtu wa kawaida anayestahili heshima. Mada yenyewe ni njema. Inamtoa mwanafunzi katika habari za wafalme na marais, inampeleka kwa mama muuza nyanya, kwa fundi baiskeli, kwa mkunga wa kijijini. Hata hivyo, tukizisoma insha zenyewe, pamoja na makala za magazeti na hotuba za sherehe, tunamkuta mtu mmoja tu anayejirudia. Ana moyo wa huruma, ni mchapakazi, ni mpole, hana makuu, na ni mfano wa kuigwa. Ukilifuta jina lake na kuandika la jirani yake, insha haiharibiki. Sifa ya namna hiyo haimsifu mtu yeyote.

Katika makala haya tunapenda kuihakiki namna hiyo ya kusifu. Hoja yetu ni kwamba wema wa mtu huonekana katika maandishi pale tunapoelezwa alitenda nini, wakati gani, na tendo hilo lingeweza kumgharimu nini. Tutaanza na vitabu vya Shaaban Robert vinavyofahamika kwa walimu wetu, tutapita katika sarufi, kisha tutarudi hapa Rwanda, hadi Kabuga.

Jina linapotangulia

Utubora Mkulima kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi ya mjini na kurudi katika jembe. Kabla hajatenda lolote, jina lake limekwisha kutupa hukumu: ana utu bora. Hiyo ni mbinu ya kawaida ya Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze (1952), Adili amewekwa kati ya Hasidi na Mwivu, na msomaji hana haja ya kukisia nani atamdhuru nani. Kwa sababu hiyo wahakiki wamezoea kuwaita wahusika bapa.

Hatuoni kwamba hilo ni kosa la mtunzi. Ngano ina kanuni zake, na jina lenye maana ni mojawapo. Tena hata Adili hatulii ndani ya jina lake: kila usiku analazimika kuwapiga nduguze waliogeuzwa manyani, ingawa hataki. Hapo ndipo msomaji anapoanza kumhurumia, kwa sababu wema wake umeingia mashakani. Kosa ni letu sisi tunaoichukua mbinu ya ngano na kumvika mtu aliye hai. Mkunga wa kijijini hakupewa jina na mtunzi. Lazima tumjue kwa njia nyingine.

Shaaban Robert mwenyewe alikutana na tatizo hilo alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad (1958). Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Yapo mahali katika kitabu hicho ambapo mawaidha ya mwandishi yanamfunika mwanamke anayesifiwa. Lakini kuna jambo ambalo insha zetu huliacha, nalo ni dhihaka. Wapinzani wake walimwimba, wakimcheka kwa asili yake na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Kwa kuwa tunajua alitukanwa nini, tunaweza kupima ustahimilivu wake. Insha isiyotaja kilichostahimiliwa inatutaka tuuamini ustahimilivu kwa neno la mwandishi tu.

Sarufi ya sifa

Walimu wa lugha wana chombo ambacho wahakiki wengine hawana. Tuzitazame sentensi za insha ya kawaida: husaidia maskini, hupenda watoto, hushauri vijana. Kiambishi hu- ni cha mazoea, na kama tunavyofundisha, hakichukui kiambishi cha nafsi wala hakitaji wakati. Mimi husaidia, wewe husaidia, wao husaidia: kitenzi ni kilekile. Mwanafunzi anayejaza ukurasa kwa hu- amemwondoa mtendaji na saa ya tendo kwa pamoja, halafu anashangaa tukimwambia kwamba hatumwoni mtu wake.

Linganisha na masimulizi ya -li- na -ka-: alisikia mlango unabishwa, akafungua, akawaingiza, akarudi kusimama kizingitini. Hakuna kivumishi hata kimoja, wala neno huruma halikutajwa, lakini msomaji ameiona. Ongeza sasa -ngali-: angalikataa, nani angalimlaumu? Kiambishi hiki kinatuonyesha njia nyingine iliyokuwa wazi mbele yake, na kwamba aliiacha. Kwa maoni yetu, insha ya sifa isiyo na -ngali-, hata kama ni kwa maana tu, haijakamilika.

Mwanamke aliyedanganya

Tukija Rwanda, tumchukue Zura Karuhimbi, mjane wa Ruhango aliyefariki Desemba 2018. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, aliwaficha watu zaidi ya 100 katika nyumba yake ya vyumba viwili. Hakuwa na silaha. Alikuwa mganga wa mitishamba, na watu walimdhania mchawi. Basi alijipaka dawa inayowasha mikononi, akawagusa wauaji, akatikisa bangili zake, akawatisha kwamba wakiingia watajiletea hasira ya mizimu. Wakaondoka. Baadaye alieleza kwamba hakuwa mchawi, aliamini Mungu tu, na uchawi ule ulikuwa kificho cha kuokoa watu. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya kupambana na mauaji ya kimbari.

Tumtie mwanamke huyu katika insha yetu ya kawaida tuone. Mpole? Alitisha watu. Mkweli? Alidanganya, tena kwa siku nyingi. Hana makuu? Alijidai kuwa na nguvu asizokuwa nazo. Orodha ya sifa inamkataa, na mwanafunzi mwenye orodha hiyo mkononi atalazimika ama kumwacha au kumsafisha. Akimsafisha, uongo unaondoka, bangili zinaondoka, na pamoja navyo unaondoka ujasiri wenyewe. Kinachobaki ni bibi mwema asiyeeleweka aliwaokoaje watu hao.

Hapa Kinyarwanda kinaweza kutufunza. Watu waliotenda mema ya namna hii hutambuliwa nchini kwa jina la Abarinzi b'Igihango. Tukitafsiri neno kwa neno tunapata "walinzi wa agano", lakini neno mlinzi kwa msomaji wa Kiswahili humleta haraka askari wa getini. Tunapendekeza "watunza agano". Igihango ni agano la watu wawili waliofungamana, jambo ambalo Waswahili wa zamani walilijua kwa neno kuchanjiana. Agano ni tendo. Mtu hasemwi kuwa nalo kama anavyosemwa kuwa na upole. Amelishika au amelivunja, na siku ya kujulikana ipo. Jina hilo la heshima limejengwa juu ya tendo tangu mwanzo, na tafsiri yetu isilipoteze.

Kabuga

Pengine atasema msomaji kwamba hili ni suala la mtindo tu, na mwalimu anaweza kulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kabuga inatuonyesha kwamba ni zaidi ya hapo. Kabuga ni mji wa biashara katika tarafa ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, kwenye barabara iendayo Rwamagana na mpaka wa Rusumo. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari, makaburi ya halaiki yaligunduliwa huko, mengine chini ya makazi ya watu. Manusura na watu waliojitolea walichimba kwa miezi. Walitoa mabaki, wakayaosha, wakatenga nguo ili jamaa waje kuzitazama, huenda wakamtambua mtu wao. Mei 2019 mabaki ya watu zaidi ya 84,000, yakiwamo yaliyotoka katika makaburi hayo, yalizikwa kwa heshima katika ukumbusho wa Nyanza, Kicukiro.

Tukitafuta watu wa kawaida wenye utu na ari katika Kigali, hawa wamo. Lakini hawaingii kwa urahisi katika insha zetu. Kazi yao haina tabasamu. Hakuna yatima aliyelishwa wala mzee aliyebebewa mzigo. Kuna mtu aliyeshika jembe asubuhi, akachimba mahali alipojua atakuta nini, akarudi tena kesho yake. Neno "huruma" peke yake halitoshi kulieleza hilo. Vitenzi vinatosha.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Miaka hiyo yote walikuwapo waliojua makaburi yalipo na wakanyamaza. Mwanafunzi akiandika kwamba watu wa mtaa huu hupendana na husaidiana, hu- yake imewakusanya wote: aliyechimba na aliyenyamaza. Amewapa sifa sawa. Kumbe aliyechimba anastahili kutofautishwa, na hatofautishwi kwa sauti kubwa ya sifa, hutofautishwa kwa tendo lake. Sifa ya jumla haimwongezei mwema chochote. Humpa mwingine mahali pa kujificha.

Hitimisho

Hatusemi kwamba mada ya mtu wa kawaida iondolewe darasani. Tunasema ifundishwe kwa ukali zaidi. Tunawapendekezea walimu watarajiwa mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi akatazwe kutumia hu- katika aya ya kwanza, aanze na siku moja na tendo moja. Pili, aulizwe: mtu wako angaliacha kutenda, angalipata faida gani au angaliepuka hatari gani? Tatu, aruhusiwe kuandika lile lisilopendeza kuhusu mtu anayemsifu, kama ukaidi wake, hasira yake au uongo wake, iwapo ndilo lililomwezesha kutenda.

Kwa mtahini, swali ni moja: nikilifuta jina, bado namtambua mtu huyu? Ikiwa jibu ni hapana, insha hiyo irudishwe kwa mwandishi, hata kama haina kosa la sarufi.