Kobalti Katika Mkojo: Namba ya Katanga Ilivyopatikana

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha vipimo vya metali 17 katika mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na wastani wa mikrogramu 15.7 za kobalti kwa kila gramu ya kreatinini. Watafiti walisema kiwango hicho hakijawahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Dai zito namna hiyo linahitaji kipimo kisichoyumba.

Chombo kilichotumika ni spektromita ya masi yenye plazima ya argoni. Mkojo uliozimuliwa hupulizwa kuwa ukungu, ukaingia kwenye plazima yenye joto la nyuzi maelfu kadhaa. Humo molekuli huvunjika, atomu hubaki na chaji, nayo mashine huzichuja kwa uzito na kuzihesabu.

Mtego wa kwanza ni uzito kufanana. Aseniki, iliyopimwa pia, ina uzito wa 75, na argoni ya 40 ikishikana na klorini ya 35 hutimia 75 vilevile. Mkojo una chumvi, kwa hiyo klorini haikosekani. Njia mojawapo ya kuepuka mtego huu ni kupitisha ioni katika chumba cha heliamu: ioni hiyo ya argoni na klorini, kwa kuwa ni nene zaidi, hugongana na gesi mara nyingi, huishiwa nguvu na kuachwa nyuma.

Mtego wa pili ni chumvi hiyohiyo kufifisha ishara ya mashine. Dawa yake ni kuongeza kwenye kila sampuli kiasi kinachojulikana cha elementi ambayo mwilini karibu haipo, kwa mfano rodiamu. Ishara yake ikishuka, vipimo vingine husahihishwa kwa kadiri hiyo.

Mtego wa tatu ni maji. Aliyekunywa sana hutoa mkojo mwepesi, ndiyo maana kobalti iligawanywa kwa kreatinini, taka ya misuli. Lakini mtoto ana misuli midogo, hivyo mgawanyo huo humpandishia namba. Karibu na viwanda, asilimia 87 ya watoto walivuka mikrogramu 15, dhidi ya asilimia 53 ya kundi zima. Tofauti hiyo isisomwe yote kuwa ni sumu zaidi. Mtoto alinganishwe na mtoto mwenzake.

Ulinganisho ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Watu 40 walitoka maeneo mawili ya vijijini yasiyo na migodi, na sampuli zao zilipimwa kwa njia ileile. Bila wao, 15.7 ingekuwa namba isiyo na maana.

Katika mji wenye vumbi la madini, hata chupa ya sampuli iliyofunguliwa ovyo yaweza kuongeza metali. Kwa hiyo mtu akituletea takwimu za maji, udongo au damu yetu, awe wa kampuni au wa serikali, tumuulize: chupa tupu ilipimwa? Zimelinganishwa na za wapi? Afya ya watoto wa Lubumbashi inastahili namba zinazoweza kujibu maswali hayo.