Triton, Pikipiki Isiyo na Abiria
Miongoni mwa kazi za ufundi zinazostahili pongezi ni ile ya mafundi wa Uingereza waliounda Triton, yaani pikipiki yenye injini ya Triumph iliyofungwa katika fremu ya Norton, ambayo jina lake limechanganya majina ya kampuni hizo mbili. Fremu hiyo, iitwayo Featherbed, ilibuniwa na Rex McCandless wa Belfast, ikaingia mashindanoni mwaka 1950 na kusifiwa kwa kutulia kwenye kona. Nayo injini iliyotamaniwa ilikuwa ya Bonneville ya mwaka 1959, yenye silinda mbili na kabureta mbili, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Kwa kuwa fremu na injini hizo hazikuundwa zikae pamoja, fundi hukata bamba za alumini, akazipiga tupa kidogokidogo na kuzijaribisha tena na tena, mpaka mnyororo unyooke sawasawa kati ya giaboksi na gurudumu la nyuma. Usukani hushushwa hata dereva akalalia tangi la mafuta, viganja vikabeba uzito wa kiwiliwili, na abiria mara nyingi hana pa kukaa. Kwa safari ya sokoni chombo hiki ni adhabu tupu. Hata hivyo hakikukosa wapenzi: mkahawa wa Ace Cafe wa London, walikokusanyika waendeshaji wa pikipiki za namna hii, ulifungwa mwaka 1969 na kufunguliwa upya kikamilifu mwaka 2001.